Swali Alilolimeza Gaudiosa

Ukifika Xiaobei, mtaa wa wageni huku kwa Wachina, ukamtaja Gaudiosa, hakuna atakayekuuliza Gaudiosa yupi. Wafanyabiashara wa nyumbani wanamjua kuliko wanavyoijua njia ya kurudi hotelini. Ndiye mkalimani wao. Mtu akishuka na ndege kutoka Mwanza, hajui Kichina chochote zaidi ya kumwita kila mwenye duka "laoban", yaani bosi, basi Gaudiosa atampokea, atamzungusha kwenye yale maghorofa ya maduka ya jumla, atapigana na bei mpaka laoban mwenyewe aombe maji ya kunywa. Mimi kwa macho yangu nimemwona akishusha bei ya redio mpaka muuzaji akatuongezea na mtoto wake. Tulimrudisha, jamani. Tungemlisha nini?

Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Mama yake yuko Mwanza na duka la jinzi. Mimi nililetwa huku nimchunge msichana, nilipofika nikakuta yeye ndiye anayenichunga mimi. Napika. Tunakaa ghorofa ya juu sana, mawingu huingia jikoni bila hodi, lakini watu wanapanda kufuata ndizi na maharage yangu. Shule mimi sikuiona. Nilipita kwenye kisomo cha watu wazima, nikajua kuandika jina langu, Melania, na mengine nikajiongezea mwenyewe polepole. Naandika haya kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu aibu iliyomkuta Gaudiosa ilinipata hata mimi, ambaye nyumbani walishasema niliumbwa bila kiungo hicho.

Gaudiosa anataka udaktari. Sayansi anaziweza zote. Mtihani wa kuingilia chuo alichokitaka alifanya mwaka jana, akapasua kemia, akapasua baiolojia, akaangukia kwenye insha. Insha! Mtu anataka kujua ini liko wapi, wanamwambia aandike insha. Swali lilikuwa hivi, na mimi nalikumbuka kama sala: "Eleza wakati ulipomwangusha mtu aliyekutegemea. Ulikosea nini? Ulifanya nini baada ya hapo?"

Mwaka huu akaamua kujiandaa na mtu. Akampata Hafidh, kijana wa Pemba anayesomea udaktari kwa msaada wa serikali, mpole, mwembamba, anakula ndizi zangu kana kwamba kesho zitapigwa marufuku. Kila Jumapili anapanda kwetu. Siku ya kwanza alitaka kuisoma ile insha iliyomwangusha. Gaudiosa alikuwa amehifadhi nakala yake ya mazoezi, akaitoa huku anajisifu kwamba Kiingereza chake hakina doa.

Hafidh alisoma, akasoma tena, akafunika mdomo.

"Unacheka nini?"

"Sicheki. Umeanza na methali, sawa. Halafu unasema umelelewa katika familia ya dini, hujawahi kumwangusha mtu, huchelewi, husemi uongo. Gaudiosa, hii si insha. Hii ni barua ya kuomba ukatibu wa kwaya."

"Sasa nijiumbue mbele ya watu nisiowajua?"

"Ndivyo walivyokuuliza."

"Sisi Wahaya hatufanyi hivyo."

"Najua. Mhaya hana kosa," Hafidh akasema. "Kosa lina yeye."

Nilicheka mpaka mwiko ukaniponyoka. Lakini kusema ukweli nilikuwa upande wa mjukuu wangu. Kwetu mgeni akikuuliza makosa yako, unamtajia ya jirani. Watu wanaojiheshimu wanafua nguo zao ndani. Nikaona kijana wa Pemba anamsumbua mtoto bure, basi wiki ile nikampa Gaudiosa kosa zuri, kosa lenye heshima. Nikamwambia: andika kwamba uliachiwa ng'ombe wa watu uchunge, ukasinzia, mamba wa mto Kagera akammeza. Baada ya hapo ukaruka majini, ukamfunga mamba mdomo kwa kanga, ukamvuta ng'ombe akatoka.

Aliandika. Msinilaumu mimi peke yangu, aliandika mwenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka.

Jumapili iliyofuata Hafidh alisoma mpaka mwisho, akaweka karatasi mezani taratibu.

"Ng'ombe alitoka mzima?"

Gaudiosa akaniangalia.

"Alitoka anacheua," nikasema.

"Bi mkubwa, anayesahihisha ni daktari."

"Basi atafurahi. Mgonjwa amepona."

Hafidh hakucheka. Akamgeukia Gaudiosa, akasema kwa sauti ya chini, "Nipe la kweli. Dogo tu. Mtu mmoja aliyekutegemea ukamwangusha. Hayupo hata mmoja?"

Mjukuu wangu akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Mlango ukagongwa. Aliyeingia alikuwa Bartholomeo, anatoka kusali, amekuja kula. Huyu ni mfanyabiashara wa jinzi, mtu wa kwetu Bukoba, na ndiye baba wa ubatizo wa Gaudiosa. Alimshika kwenye maji akiwa mchanga, akaapa mbele ya padri kwamba atamlea. Na amemlea, ada ya sekondari nusu ilitoka kwake. Mwaka huu aliugua. Kwanza aliumwa tumbo la chini, Gaudiosa akampeleka hospitali, wakampa dawa za tumbo. Wiki chache baadaye akiwa Xintang kwenye kiwanda cha jinzi, mkojo ukafunga kabisa. Laoban wa kiwanda ndiye aliyemkimbiza. Walimpasua tezi dume, wakamkataza kupanda ndege mpaka kidonda kipone, na huku nyuma binti yake wa kumzaa akaolewa Bukoba baba hayupo.

Alikaa pembeni ya kiti, kama wakaavyo watu waliopasuliwa pale, akapokea sahani, na kabla hajaonja akaanza hadithi yake. Tulikuwa tumeisikia. Xiaobei yote ilikuwa imeisikia.

"Daktari yule wa kwanza, yule wa miwani! Namwambia tumbo, ananipa dawa ya tumbo, hanigusi, haniulizi. Mchina anasoma miaka yote ile hajui kuuliza mgonjwa?" Akamgeukia Hafidh. "Wewe kijana ukiwa daktari, uliza! Kama si mwanangu huyu kunishika mkono siku ile, ningefia pale kwenye benchi. Mwambie, Gaudiosa. Mwambie ulivyonihangaikia." Akatoa mfuko. "Nimekuletea jinzi. Za mtihani. Ukizivaa hizo hufeli."

Gaudiosa alipokea mfuko kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema asante baba, akaenda jikoni. Nilimfuata. Alikuwa analia juu ya vitunguu ambavyo nilikuwa bado sijavimenya.

Hakusema mpaka Bartholomeo alipoondoka. Ndipo akatuambia, mimi na Hafidh, amekaa chini sakafuni, uso ameuelekeza ukutani.

Yule daktari wa miwani aliuliza. Aliuliza yote. Aliuliza kama mgonjwa anaona damu kwenye mkojo, kama unatoka kwa shida, kama anaamka usiku kwenda haja, kama na mkewe mambo yako sawa. Na Gaudiosa akamtazama mtu aliyemshika kwenye maji ya ubatizo, maneno yakagoma kutoka. Akamuuliza, "Baba, unalala vizuri?" Bartholomeo akajibu, "Nalala, namshukuru Mungu." Gaudiosa akageuka kwa daktari, akasema kwa Kichina: anasema damu hakuna, shida hakuna. Akauliza tena, "Unakula?" Anakula. Akamwambia daktari: anasema na mkewe hakuna tatizo. Swali kwa swali, mpaka wakamaliza.

"Daktari alitaka kumpima kwa mkono," akasema, "nikamwambia mzee hataki. Sikumuuliza kama hataki."

Mimi nimesimulia uongo tangu nilipoota meno, na uongo wangu umechekesha watu misibani. Sikujua kama uongo unaweza kutoka kwa adabu safi namna ile, umepiga goti.

Hafidh akasema, na nadhani alijuta papo hapo, "Gaudiosa, hiyo ndiyo insha."

"Hiyo si insha!" Msichana alimgeukia kama chui. "Huyo ni baba yangu!"

Hafidh akachukua begi lake akaondoka, hata ndizi hakumaliza. Siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba jambo ni zito.

Lakini aliiandika. Sikumwambia mtu, wala yeye hakuniambia. Nilimwona tu kila jioni akirudi kutoka madukani anakaa mezani, anaandika, anafuta. Jumapili Hafidh alirudi, akapewa karatasi bila salamu. Akasoma. Safari hii hakufunika mdomo.

"Sehemu ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri, inauma." Akageuza karatasi, akaitazama nyuma. "Ya tatu iko wapi? Wanauliza, ulifanya nini baada ya hapo."

Gaudiosa akafunika kalamu, akaifunua.

"Baada ya hapo ulifanya nini, Gaudiosa?"

"Nilipokea jinzi."

Hafidh akaangalia mezani. Mimi nikaangalia dirishani, ingawa hakuna la kuona pale zaidi ya nguo za ndani za Wachina wa jengo la pili. Mtihani ulikuwa karibu. Bila sehemu ya tatu, insha haikuwa na mwisho, na sehemu ya tatu ilikuwa Xintang, inasimamia mzigo wake, inatukana daktari wa watu.

Nikasema, "Vaa viatu. Twende."

Kwetu mkosaji haendi peke yake kwa mkubwa. Anakwenda na mtu mzima, mtu mzima ndiye anayesema, mkosaji anainamisha kichwa na kunyamaza. Katika ukoo wetu tunabeba na kahawa za kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani zikakaushwa. Unaziweka mbele ya uliyemkosea. Akichukua moja akatafuna, mmesikilizana. Nilikuwa na kifurushi kilicholetwa kutoka nyumbani, nikakifunga kwenye kitambaa safi. Kwenye treni Gaudiosa alikaa ameshika magoti. Nami nilikuwa natengeneza maneno yangu, na hapa lazima niseme nilivyokuwa: nilikuwa na furaha kidogo. Mtu kunipa nafasi ya kusema kwa niaba yake ni kama kumpa mbuzi ufunguo wa shamba la mahindi.

Xintang hata vumbi lake ni la bluu. Tulimkuta Bartholomeo ghorofani juu ya kiwanda, amekaa juu ya robota la jinzi, mashine zinaunguruma chini ya miguu yetu. Alifurahi.

"Shikamoo mama! Mmekuja mpaka huku?"

"Marahaba, Bartholomeo. Tumekuja."

Nikaweka kahawa juu ya kitambaa mbele yake. Akaziona, akamtazama Gaudiosa aliyepiga goti kichwa chini, uso wake ukabadilika. Alijua maana yake. Hakunyoosha mkono.

Nikaanza. Nilianza vizuri, kwa sala na habari za watoto. Halafu nikafika mahali pa kusema kosa, nikamwona mtoto shingo imemlegea, huruma ikanishika, na ulimi wangu ukaenda kule ulikozoea.

"Unajua siku ile hospitalini palikuwa na kelele," nikasema. "Na yule daktari, nasikia ana meno ya bandia. Kila akiuliza swali, meno yanamtoka. Swali moja likaanguka pamoja na meno, huyu mtoto hakulisikia, akaona vibaya kumwambia mtu mzima aokote meno aulize tena..."

Bartholomeo alikuwa ameanza kucheka. "Nilijua! Si nilisema? Yule daktari!"

"Sasa huyu mtoto..."

"Bibi, nyamaza."

Wa mwisho kuniambia hivyo alikuwa marehemu mume wangu, naye aliniambia akiwa ndani ya usingizi. Mtoto ameniambia mbele ya mkubwa, ndani ya maombi ya msamaha, mahali ambapo yeye mwenyewe hakutakiwa kufungua mdomo. Nilihisi masikio yanawaka. Na nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshikwa.

Gaudiosa aliinua uso. Sauti ilikuwa ndogo, mashine zilikuwa na kelele, ikabidi aipandishe, kwa hiyo maneno aliyokuwa akiyaogopa ikawa lazima ayapigie kelele.

"Baba, daktari aliuliza. Aliuliza kama unakojoa damu. Mimi nikakuuliza kama unalala. Ukasema unalala, nikamwambia hukojoi damu. Aliuliza kama mkojo unatoka kwa shida, nikakuuliza kama unakula. Alitaka kukupima, nikamwambia umekataa. Hakukosea yeye. Ni mimi."

Bartholomeo aliacha kucheka, si mara moja; kicheko kilimwisha kama maji kwenye bomba lililofungwa.

"Mbona hukuuliza?"

"Niliona aibu, baba."

"Aibu ya nini?"

"Ya kukuuliza wewe."

Alichukua suruali moja juu ya robota, akaikunja, akaikunjua.

"Na ningekuambia hakuna damu," akasema. "Mbele yako? Ningesema hakuna. Ilikuwepo, lakini ningesema hakuna." Gaudiosa akainua macho, na mimi nikavuta pumzi, nikidhani tumevuka. "Lakini hukunipa nafasi ya kusema uongo wangu mwenyewe. Ulisema wako." Akaweka suruali chini. "Binti yangu kanisani alisindikizwa na mjomba. Mama, nashukuru mmekuja. Nina robota za kufunga."

Kahawa hakuzigusa. Nilizifunga tena kwenye kitambaa. Kwenye treni ya kurudi watu wangetegemea niwe na hadithi. Sikuwa nayo.

Jioni ile, Mungu anisamehe, nilijaribu tena. Nikamwambia, "Sehemu ya tatu sasa unayo. Andika amekusamehe. Nani atatoka chuoni aende Xintang kuuliza?"

Gaudiosa alisema neno moja tu: "Bibi." Nikaenda kulala.

Mtihanini swali halikuja lile lile. Waliuliza kuhusu wakati mtu aliponyamaza palipotakiwa kusema. Aliandika yote, na mwishoni akaandika kwamba alikwenda, akasema, na hajasamehewa. Akaandika pia kwamba sasa akiwa mkalimani anauliza kila neno kama lilivyoulizwa, na kwamba jambo hilo haliponyi kidonda cha mtu. Hafidh aliposimuliwa aliitikia kwa kichwa tu, akaomba ndizi zaidi.

Wakati ule tunasubiri majibu, Xiaobei ilikuwa chungu kwake. Bartholomeo aliendelea kuja kula, lakini hakumsifu tena. Mtu mwingine akianza kumtukana daktari wa miwani, yeye alisema, "Mwacheni daktari wa watu. Tuliulizana vibaya." Hakumtaja Gaudiosa. Gaudiosa aliniambia afadhali angemtaja. Angemtukana kwa jina mezani, wakamcheka, wakamaliza. Badala yake alikuwa anampa sahani yake, anapokea "asante" iliyonyooka kama fimbo, anarudi jikoni na kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Majibu yalitoka. Insha alifaulu, chuo kikamwita. Mama yake alipiga vigelegele kwenye simu mpaka Mwanza nzima ikasikia. Gaudiosa hakupiga kelele. Alisema, "Nimefaulu kwa mkojo wa baba," halafu akaona aibu kwa kulisema.

Bartholomeo alipiga simu siku ile ile. Hongera hakutoa. Alisema, "Ijumaa nina kliniki. Njoo. Na bibi yako aje, akae katikati."

Basi Ijumaa nikakaa katikati yao kama pazia. Daktari alikuwa yule yule wa miwani, kijana, na meno yake yote ya kuota, niliyachunguza. Akauliza. Gaudiosa akamgeukia mzee.

"Baba, anauliza, ukikojoa unaumia?"

Bartholomeo aliangalia picha ya figo iliyobandikwa ukutani. "Mwambie kidogo."

"Anauliza, damu?"

"Imekwisha. Mwambie imekwisha."

"Kweli, baba?"

"Nimesema imekwisha!"

Daktari akaandika, akauliza jingine. Safari hii Gaudiosa alichelewa. Uso ulikuwa umemwiva, shingo imemwiva, hata mikono. Mimi nilikuwa nimejiandaa na hadithi ya haraka, ilikuwa imeshafika mlangoni pa midomo, nikaibana.

"Baba, anauliza, ukiwa na mama, mambo yenu ya chumbani yako sawa?"

"Huyu daktari hana adabu?"

"Hana, baba. Lakini ameuliza."

Mzee wa watu alivua kofia, akajifunika nayo uso, akajibu humo humo ndani ya kofia. Nilidhani imetosha. Mkalimani yeyote mwenye huruma angeona imetosha.

"Baba," Gaudiosa akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka, "sijasikia."

Akaiondoa kofia. Akarudia, kila neno, mbele yangu mimi mama yake kwa umri, na binti yake kwa maji ya Mungu. Alichosema sitakisimulia, nanyi mnajua mimi si mtu wa kubana neno. Nilikuwa naangalia viatu vyangu. Gaudiosa alikigeuza chote kwa Kichina, hakuacha kitu, na daktari akaandika.